Kumbukumbu za Mzee, Kumbukumbu za Nchi: Historia ya Kuelewa Demensia katika Mwambao wa Ziwa Mweru, Zambia

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna upotevu wa akili wa uzeeni, ambao kitabibu huitwa demensia, ulivyoelezwa na ulivyokosa kuelezwa katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Mweru, kuanzia Mununga hadi Nchelenge, tangu mwanzo wa karne ya 20. Yanaonesha kwamba hali hiyo ilifichwa na mambo manne: ugonjwa wa malale, tuhuma za uchawi, tiba ya akili ya kikoloni, na mazoea ya kuona kwamba kusahau ni uzee tu. Hoja kuu ni kwamba historia na tiba zinategemeana katika eneo hili. Mwanahistoria hutegemea kumbukumbu za mzee, na mganga wa hospitali hawezi kupima kumbukumbu hizo bila kuijua historia ya mahali. Makala yanapendekeza kalenda ya matukio ya Mweru iwe chombo cha pamoja cha watafiti na wahudumu wa afya.

Maneno ya msingi: demensia, kumbukumbu, wazee, Ziwa Mweru, historia simulizi

1.0 Utangulizi

Wasemaji wa Chibemba wana methali isemayo: Umukulu apusa akabwe, tapusa akebo. Maana yake ni kwamba mtu mzima huweza kukosa shabaha ya jiwe, lakini hakosi neno. Methali hiyo ni sifa ya uzee, na katika bonde la Luapula na mwambao wa Mweru ni kanuni ya ushahidi pia. Haki ya kukaa mahali, kuvua katika wangwa fulani au kurithi cheo huthibitishwa kwa kauli ya mzee aliyesikia kutoka kwa mzee mwingine. David Gordon, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2006, aliitumia simulizi ya Nachituti kuonesha jambo hilo. Mwanamke huyo aliuliwa mwanawe na kaka yake, Nkuba, mtawala wa Washila. Akaomba msaada wa Mwata Kazembe. Nkuba alipouawa, Nachituti alimkabidhi Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji, ishara ya nchi na ya maji yenye samaki. Hapakuwa na hati wala muhuri. Mkataba huo umeishi katika vinywa vya wazee.

Demensia hushambulia kinywa hichohicho. Demensia si ugonjwa mmoja. Ni jina la jumla la hali ambapo ubongo unaharibika kiasi kwamba kumbukumbu, lugha, uamuzi na uwezo wa kujihudumia hudhoofika, kwa kawaida hatua kwa hatua. Ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo kinachoongoza, na madhara ya mishipa ya damu ya ubongo, yakiwemo ya kiharusi, hufuatia. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na demensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Pamoja na hayo, katika vijiji vya Mweru neno linalosikika ni ukulaba, kusahau, au ukukota, kuzeeka. Kiswahili nacho kina kupiswa, kwa maana ya kupotewa na akili. Maneno haya yanaitaja dalili, lakini hayatenganishi maradhi na umri.

Swali la makala haya, basi, si kama demensia ilikuwepo Mweru. Swali ni kwa nini haikuonekana, na nani alilipa gharama ya kutoonekana kwake.

2.0 Malale na Vijiji Vilivyohamishwa, 1906–1922

Ugonjwa wa kwanza wa akili kuingia katika kumbukumbu za serikali kuhusu Mweru haukuwa wa wazee. Mwanahistoria wa Zambia, Mwelwa Musambachime, ameeleza athari za malale katika Mweru na Luapula kati ya mwaka 1906 na 1922. Utawala wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini, ukiogopa mbung'o wa kingo za maji, uliwaondoa watu karibu na mto na ziwa na kuzuia uvuvi. Jamii zilizoishi kwa samaki zikatengwa na maji yao.

Malale humwondolea mgonjwa usingizi wa usiku na kumpa usingizi wa mchana, humbadilisha tabia, humfanya asahau, na mwishowe humwangusha. Kwa jicho la leo, hiyo ni mojawapo ya hali zinazofanana na demensia ambazo zinaweza kutibika zikiwahiwa. Wakati ule dawa zilizokuwepo zilikuwa dhaifu na zenye madhara makubwa. Atoksili, iliyotumika zaidi, iliwapofusha baadhi ya wagonjwa.

Kwa historia ya demensia, kipindi hiki kina funzo moja. Serikali ilijifunza kuutazama upotevu wa akili kama hatari ya kuambukiza, yaani jambo la mipaka, makambi na amri. Mzee aliyepotea njia ya kurudi nyumbani bila kuwa na vimelea katika damu yake hakuwa na nafasi katika mfumo huo. Hakuwa hatari kwa yeyote ila kwa nafsi yake, na kwa hiyo hakuandikwa.

3.0 Mzee Mbele ya Kioo: Tuhuma za Uchawi

Mwaka 1914 Rhodesia ya Kaskazini ilipata Sheria ya Uchawi. Sheria hiyo, ambayo imeendelea kuwamo katika vitabu vya sheria vya Zambia, ilifanya kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa kosa. Nia yake ilikuwa kuzuia mauaji na mateso. Lakini vijijini ilieleweka vinginevyo: serikali imewalinda wachawi. Waliojitokeza kujaza pengo wakapata wafuasi wengi.

Mwaka 1925 Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, yaani mwana wa Mungu, alizunguka nchi ya Walala na kuvuka hadi Katanga akibatiza watu kwa kuwazamisha. Waliotajwa kuwa wachawi walizamishwa hadi wakafa. Alinyongwa mwaka 1926. Miaka michache baadaye wakaja Bamucapi kutoka Nyasaland. Audrey Richards, aliyewaona katika nchi ya Wabemba na kuandika habari zao mwaka 1935, alieleza kwamba walikuwa vijana waliovaa nguo za Kizungu. Waliwapanga wanakijiji kwa mistari na kuwatazama kwa kioo kidogo ili kumtambua mchawi, kisha wakagawa dawa ya kunywa.

Picha hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Kijana anasimama na kioo, na mzee anasimama mbele yake akitakiwa kujieleza. Mtu aliyepungukiwa na kumbukumbu hawezi kujitetea mbele ya kioo. Anaweza kuwa anatembea usiku kwa sababu saa za ubongo wake zimevurugika, na mtu anayetembea usiku hushukiwa. Anaweza kuzungumza na marehemu kwa sababu amesahau kwamba amekwisha kufa. Anaweza kumkana mwanawe mwenyewe, au kukiri neno lolote analoulizwa, kwa kuwa hakumbuki kama alilitenda au hakulitenda. Dalili za demensia na sifa ambazo jamii nyingi za Afrika ya Mashariki na Kati humpa mchawi hukaribiana mno. Si lazima kudai kwamba kila aliyetuhumiwa alikuwa mgonjwa. Inatosha kutambua kwamba mgonjwa alikuwa na nafasi ndogo kuliko wote ya kuokoka tuhuma.

Hali hiyo si ya Mweru pekee. Katika Usukuma, Tanzania, tafiti za Simeon Mesaki zimeonesha jinsi wanawake wazee walivyouawa kwa tuhuma za uchawi miongo mingi baada ya uhuru. Ndiyo maana Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu Haki za Wazee, iliyopitishwa mwaka 2016, inazitaja tuhuma za uchawi miongoni mwa mila zenye madhara ambazo nchi zinapaswa kuzikomesha.

4.0 Hospitali Zisizo na Wazee

Ikiwa kijiji kilimwona mzee huyu kuwa mchawi au mtu aliyezeeka tu, tiba ya kikoloni haikumwona kabisa. Rhodesia ya Kaskazini haikuwa na hospitali kubwa ya akili kwa sehemu kubwa ya utawala wa kikoloni. Wagonjwa walioonekana kuwa hatari walipelekwa Ingutsheni, karibu na Bulawayo, iliyofunguliwa mwaka 1908. Chainama Hills, Lusaka, ilifunguliwa mwaka 1962, miaka miwili tu kabla ya uhuru. Aliyefika huko kwa kawaida alikuwa mtu mzima mwenye nguvu aliyekamatwa mjini au migodini kwa kuvunja amani. Mfumo wa kazi wa Ukanda wa Shaba ulitarajia mfanyakazi arudi kijijini nguvu zikimwishia. Luapula, iliyowatoa vijana wengi kwenda migodini, ikawapokea walipozeeka. Akili ilipopotea, ilipotelea kijijini, mbali na daftari la hospitali.

Kutokana na madaftari hayohayo, wataalamu wakatoa hukumu juu ya bara zima. Nairobi, J. C. Carothers, aliyeiongoza hospitali ya Mathari, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alilinganisha fikra za Mwafrika na za Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Kabla yake, mwaka 1934, F. W. Vint alikuwa amechapisha vipimo vya ubongo wa Wakenya vilivyotumiwa kuunga mkono dhana ya upungufu. Katika mazingira hayo, uchache wa wazee wodini ulichukuliwa kuwa tabia ya Mwafrika. Kwa kweli ulikuwa tabia ya mfumo wa kumleta mgonjwa hospitalini.

Haki inadai iongezwe kwamba Ulaya nayo haikuwa mbele sana. Mwaka 1906 Alois Alzheimer aliwasilisha Tübingen habari za mwanamke aliyelazwa Frankfurt akiwa na miaka 51, na mwaka 1910 Emil Kraepelin akaupa ugonjwa jina la Alzheimer. Kwa miongo kadhaa jina hilo lilitengwa kwa wagonjwa wa umri wa kati. Mtu wa miaka 80 aliyepoteza kumbukumbu aliambiwa kuwa ni uzee. Ni mwaka 1976 ambapo Robert Katzman, Marekani, alitoa hoja yenye nguvu kwamba hali hizo mbili ni ugonjwa mmoja, na kwamba ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya vifo. Kwa hiyo kauli ya kijijini kwamba "ni uzee tu" haikuwa ujinga wa Mweru. Ilikuwa kauli ya madaktari wa dunia nzima hadi nusu karne iliyopita.

5.0 "Mimi" wa Luapula na Hatari ya Kukosea

Mwaka 1881 Théodule Ribot, Ufaransa, aliandika kwamba kumbukumbu inapoharibika, mambo mapya hutangulia kupotea na ya zamani hudumu zaidi. Uchunguzi huo una uzito wa pekee katika nchi ya historia simulizi. Mzee anaweza kusimulia safari ya Walunda kutoka magharibi bila kukwama, akaitaja mito yote, lakini asikumbuke kama amekula asubuhi. Wasikilizaji huondoka wakisema akili yake ni timamu, ilhali mke wake anajua vinginevyo. Mbinu za historia simulizi, tangu kazi za Jan Vansina za miaka ya 1960, zimeuliza maswali mengi kuhusu msimulizi: ni wa ukoo gani, ana maslahi gani, alisikia kwa nani. Swali la afya ya kumbukumbu yake halikupata nafasi kama hiyo.

Upande wa pili una hatari kubwa zaidi. Ian Cunnison, aliyefanya utafiti Luapula chini ya Taasisi ya Rhodes-Livingstone na kuchapisha kitabu chake mwaka 1959, alieleza kwa kina mfumo wa kurithi nafasi, ukupyanika. Mrithi huchukua jina la marehemu pamoja na uhusiano wake wote wa kijamaa. Kwa hiyo anaposimulia, husema "mimi": mimi nilivuka mto, mimi nilipewa nchi hii na Kazembe, ingawa aliyevuka alikufa zaidi ya karne moja iliyopita. Mtu wa makamo anaweza kumwita mtoto "babu" kwa sababu mtoto amerithi jina la babu. Hata kitabu cha historia ya Walunda wa Mashariki, kilichoandaliwa chini ya Mwata Kazembe XIV, kina anwani ya nafsi ya kwanza, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, yaani "wahenga wangu na watu wangu".

Mtaalamu wa afya mgeni akimsikia mzee wa namna hii, ataandika kuwa mgonjwa amechanganyikiwa kuhusu nafsi, wakati na watu. Atakuwa amekosea. Lakini kosa linaweza kwenda kinyume pia. Jamaa waliozoea "mimi" wa urithi wanaweza kukosa kutambua siku ambayo mzee kweli ameanza kuamini kwamba yeye ndiye marehemu. Tofauti ya mambo haya mawili haipatikani katika ubongo uliopigwa picha. Hupatikana kwa kumuuliza anayeijua desturi: je, mzee anabadilisha "mimi" wake akitoka katika simulizi na kuingia katika mazungumzo ya chakula na wajukuu? Aliye mzima hubadilisha. Mgonjwa hubaki alikokwenda.

6.0 Kutoka Ibadan na Hai hadi Mweru

Dhana kwamba Mwafrika hapotewi na akili uzeeni ilianza kuvunjwa na Waafrika wenyewe. Huko Ibadan, Nigeria, B. O. Osuntokun na wenzake waliungana na watafiti wa Indianapolis kulinganisha wazee wa Kiyoruba na Wamarekani weusi kwa mbinu zilezile. Matokeo ya mwaka 2001 yalionesha kwamba kila mwaka asilimia 1.35 ya wazee wa Ibadan walipata demensia, dhidi ya asilimia 3.24 Indianapolis. Tofauti hiyo imezua mjadala kuhusu lishe, urithi na maradhi ya mishipa. Lakini ilithibitisha jambo la msingi: ugonjwa upo.

Kwa wasomaji wa Kiswahili, ushahidi wa karibu zaidi unatoka wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta demensia kwa asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi, kiwango kisicho mbali na cha nchi tajiri. Kutokana na kazi hiyo, watafiti wa Tanzania, Nigeria na Uingereza walibuni kipimo kisichohitaji kusoma wala kuandika. Mzee hutaja wanyama kwa dakika moja, hupanga njiti za kiberiti kwa mfano aliooneshwa, na hukumbuka maneno aliyosikia muda mfupi uliopita. Vipimo vya kawaida, kikiwemo kile kilichobuniwa Marekani mwaka 1975, humtaka mzee aandike sentensi, achore na ataje tarehe. Kwa mvuvi ambaye hakusoma, vipimo hivyo hupima shule, havipimi ubongo.

Hata hivyo, kipimo cha Hai hakiwezi kuhamishiwa Mununga kama kilivyo. Kwanza, umri wenyewe haujulikani kwa wengi waliozaliwa kabla ya uandikishaji wa vizazi kuenea. Hai, kama kwingineko, watafiti walikadiria umri kwa kutumia matukio yanayokumbukwa. Hapa ndipo mwanahistoria anapohitajika, kwa maana Mweru ina kalenda yake. Kuna kupotea kwa mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda Luapula kwa wingi msimu wa kuzaliana, ambaye makundi yake yaliporomoka katikati ya karne ya 20. Kuna vurugu za mwaka 1953 dhidi ya utawala na kanuni zake za uvuvi. Kuna kujitenga kwa Katanga mwaka 1960, uhuru wa Zambia tarehe 24 Oktoba 1964, na kushamiri kwa uvuvi wa chisense, dagaa wa ziwa hilo, katika miongo iliyofuata. Kuna kuanguka kwa Pweto mwishoni mwa mwaka 2000, wakimbizi walipomiminika kutoka Kongo. Mwanamke anayesema alikuwa tayari na mtoto mgongoni wakati wa vurugu za 1953 ametoa makisio ya umri bila kutaja mwaka wake wa kuzaliwa.

Kalenda hiyohiyo hupima mwelekeo wa wakati. Kumuuliza mzee wa Mununga kama leo ni Jumanne kunaweza kusiwe na maana kwake. Lakini sheria ya Zambia hufunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na kufungwa huko hugusa kila chungu kijijini. Mtu wa mwambao asiyejua kama ziwa limefungwa au limefunguliwa ana jambo linalostahili kuchunguzwa.

Pili, kuna suala la lugha. Makazi ya wakimbizi ya Mantapala, wilayani Nchelenge, yalifunguliwa mwaka 2018 kwa ajili ya Wakongo, wengi wao wakitoka upande wa Katanga, ambako Kiswahili ni lugha ya mawasiliano. Mzee aliyekimbia makwao hana barabara, miti wala majirani wa kumkumbusha yeye ni nani, na ugenini demensia hujidhihirisha upesi. Maswali ya Kiswahili cha Kilimanjaro hayatamfaa moja kwa moja mzungumzaji wa Kiswahili cha Katanga. Kazi ya kuyarekebisha ni ya wanaisimu wa Kiswahili, na haiwezi kuachiwa wauguzi peke yao.

Tatu, Nchelenge ni miongoni mwa maeneo yenye malaria nyingi zaidi nchini Zambia. Homa kali humfanya mzee aweweseke ghafla, kwa saa au siku chache. Demensia huja kwa miezi na miaka. Kaswende iliyofika katika ubongo, Virusi vya Ukimwi, upungufu wa lishe na malale vinaweza pia kuvuruga akili, na vyote vina tiba. Kumwambia mgonjwa wa namna hiyo kwamba "ni uzee tu" ni kumnyima dawa iliyopo.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Kwa zaidi ya karne moja, mzee wa Mweru aliyepotewa na kumbukumbu ametazamwa na wengi: mtawala aliyetafuta mbung'o, kijana mwenye kioo, daktari mwenye daftari lisilo na wazee, na mwanahistoria aliyetaka simulizi. Kila mmoja aliona alichokuja kukitafuta.

Mapendekezo matatu yanafuata. Mosi, vyuo vikuu vya ukanda huu vishirikiane na ofisi za afya za wilaya za Nchelenge na Chiengi kuandaa kalenda ya matukio ya Mweru kwa Chibemba na Kiswahili cha Katanga, ijaribiwe kwa wazee wenyewe kabla ya kutumika. Pili, Sheria ya Afya ya Akili ya Zambia ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1949, itekelezwe kwa namna inayomfikia mzee nyumbani. Watendaji wa machifu na wahudumu wa afya wa jamii wafundishwe kwamba tuhuma ya uchawi dhidi ya mzee ni sababu ya kumpeleka kupimwa na pia ya kumlinda. Tatu, watafiti wa historia simulizi waingize katika maadili yao swali la afya ya msimulizi, na wanapoona dalili waieleze familia badala ya kuondoka na kaseti tu.

Methali ya mkubwa asiyekosa neno itabaki kuwa kweli kwa wazee wengi. Kwa wale ambao neno limeanza kuwaponyoka, jamii iliyoishi kwa kumbukumbu zao inadaiwa deni. Malipo ya kwanza ya deni hilo ni kuuita ugonjwa wao kwa jina lake.